Supu ya kari ya Kithai ya siku ya kazi kwa vitu vya soko la Kampala, pesti na tui mnafanyaje?

mama_pacha_Nakawa

Habari zenu wadau wa jikoni. Naomba msaada wa wale wanaopika vya kwetu na vya wageni pia. Nataka niwe napika ile supu ya kari ya Kithai, ile nyekundu yenye tui la nazi, kuku na tambi za mchele, lakini iwe ya siku ya kazi, yaani natoka mjini saa 12 jioni, foleni ya Jinja Road mnaijua wenyewe, nafika watoto wana njaa na mama mkwe nakaa naye na pilipili kali hawezi, kwa hiyo nikisema haraka ni dakika 40 hivi tangu niwashe gesi mpaka tukae kula.

Resipi zote ninazoona zinaanza na "chukua vijiko viwili vya kari pesti", yaani lile rojo zito la viungo vilivyosagwa, halafu galangal (mzizi wa jamii ya tangawizi), majani ya ndimu ya Kithai, sosi ya samaki, na hapo ndo nakwama. Kichupa cha pesti nimekiona supamaketi ila bei yake kwa supu ya kila wiki haiingii akilini, na siku nyingine hakipo kabisa.

Sasa maswali. Naweza kusaga pesti yangu kwa vitu vya soko la Nakawa au Nakasero na bado ikawa kari ya Kithai, sio mchuzi wa bizari uliotiwa nazi? Halafu tui, kuna mahali wanasema lazima "litoe mafuta" na mimi nimekua nikiambiwa tui likikatika chakula kimeharibika, sasa tufuate lipi? Na ile karipauda ya pakiti inafaa au niiache? Natanguliza shukrani.

Bint_Likoni

Salama dada. Mimi nakujibu la tui maana nimezaliwa Likoni nikaolewa huku Ntinda na nazi sijaiacha mpaka leo.

Uliloambiwa ni kweli na ulilosoma ni kweli, ni mambo mawili mbali mbali. Kukatika ni pale tui liko ndani ya mchuzi mwingi likachemka kwa fujo, au likakutana na ndimu au nyanya wakati moto ni mkali, basi protini yake inagandamana unaona chenga nyeupe zinaelea na maji ya kijivu chini, na likifika hapo halirudi. Kutoa mafuta ni kwamba unachukua lile tui zito peke yake, kama nusu kikombe, unaliweka kwenye sufuria kabla hujatia kitu kingine chochote, moto wa kati, unakoroga, maji yanaishia hewani, yakipungua unaona mafuta yanang'aa yamejitenga pembeni na harufu imebadilika imekuwa ya nazi iliyokaangwa. Hapo ndipo pesti inaingia, inakaangwa kwa mafuta ya nazi yenyewe. Wathai wanalitafuta hilo makusudi. Kwa hiyo mwanzoni unaliacha litoe mafuta, mwishoni unalilinda lisikatike, chungu hicho hicho.

Nazi zenyewe huku Uganda hazilimwi za kusema, zinakuja na malori toka pwani ya Kenya na Tanzania, kwa hiyo chagua vizuri. Itikise usikie maji, na tazama yale macho matatu, yakiwa na unyevu au ukungu iache hapo hapo hata muuzaji akikupunguzia. Kama huna mbuzi ya kukunia wala usihangaike, toa nyama kwa kisu, katakata, tia kwenye blenda na kikombe 1 cha maji ya moto (moto wa kuvumilika mkono, yasiwe yanachemka), saga, kamua kwa kitambaa safi, hilo ndo tui la kwanza. Machicha rudishia maji vikombe 2, saga tena kamua, hilo la pili. La pili ndo la kuchemshia kuku. La kwanza ligawe, nusu ya kukaangia pesti, nusu weka pembeni litaingia mwisho kabisa moto ukiwa mdogo, na ukishalitia usiondoke, koroga polepole kwa kuchota na kumimina mpaka livuke tu, lisitokote.

La kopo: usilitikise, fungua uchote lile zito lililopanda juu. Na soma nyuma ya kopo, ukiona limetiwa guar gum na vishikizo vingine basi ujue limetengenezwa ili mafuta yasijitenge, utalikoroga mpaka mkono uume na halitatoa kitu. La hivo we kaanga pesti kwa vijiko 2 vya mafuta ya kupikia, usipoteze gesi.

Sufuria_Kololo

Nnyabo, mimi kupika ndo kazi yangu hapa mjini na kari ya Kithai iko kwenye menyu yetu kwa hiyo nakuelezea ya pesti kwa urefu kidogo, nivumilie.

Kwanza karipauda tuimalize. Kari nyekundu na ya kijani za Kithai msingi wake si unga wa viungo vikavu kama za Kihindi, msingi ni vitu vibichi vilivyotwangwa: pilipili, mchaichai, galangal, vitunguu, ganda la ndimu, mizizi ya dhania, na kapi ambayo ni kamba wadogo waliochachushwa na chumvi. Viungo vikavu vimo lakini kidogo. Ya manjano, ile wanaita kaeng kari, hiyo inatiwa karipauda kweli na manjano, kwa hiyo ukiwa nayo pakiti tu unaweza kwenda upande wa manjano na hujamkosea mtu, ila bado utahitaji mchaichai na tangawizi mbichi la sivyo ni ule mchuzi unaoukimbia.

Sasa nyekundu kwa vitu vya hapa, chungu cha watu 4 au 5. Pilipili kavu ndefu nyekundu 7 hivi, zipo kwenye maduka ya Wahindi pale mjini, tafuta zile zenye ngozi ya mikunjo, zina rangi sana na ukali wa kawaida. Kwa ajili ya mama mkwe zipasue utoe mbegu zote na ile mishipa myeupe ya ndani, ukali mwingi unakaa hapo kwenye mishipa, kisha loweka maji ya moto dakika 10. Usitumie kamulali kwenye pesti, ile pilipili ndogo ya mbuga weka mezani imekatwa katwa na ndimu, anayetaka kulia alie kwenye bakuli lake.

Mchaichai mashina 2. Hapa ndo watu wanakosea soko, ule kisubi wa chai unauzwa majani matupu, majani yana harufu lakini ni nyuzi hayasagiki. Mwambie mama wa sokoni akuletee na kitako chake cheupe cha chini, akuvunie hivo kesho yake, wengi wanayo nyumbani. Menya magamba ya nje, tumia sentimita 10 za chini tu, kata vipande vyembamba sana kabla ya kusaga. Majani usitupe, yafunge fundo uyatumbukize kwenye supu utayatoa mwisho.

Galangal hapa ni shida, tangawizi inaziba pengo, kipande cha kidole gumba, ila jua galangal ina ukali wa kama msonobari na tangawizi ina utamu wa joto, kwa hiyo punguza tangawizi isije ikatawala. Ganda la ndimu, lile la kijani tu la juu, likwangue kwa upande mdogo wa grata, ndimu 1 inatosha, ukishuka kwenye ile nyeupe ni uchungu. Dhania mizizi na mashina, ukipata yenye mizizi iogeshe vizuri udongo utoke. Vitunguu saumu punje 5. Kitunguu chekundu kikubwa kimoja au vidogo viwili vitatu. Mbegu za dhania kijiko 1 cha chai, bizari nyembamba nusu yake, pilipili manga punje 10, hivi vitatu vikaange kikavu kwanza mpaka vinukie halafu saga.

Na kapi. Hapa nasema wazi mimi natumia mukene, wale dagaa wa ziwani. Wakavu, toa vichwa, kaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka wakatike kwa kidole, saga unga, kijiko 1 cha chakula. Si kitu kimoja na kapi, haina uchachu ule, lakini inaleta ule uzito wa samaki chini ya ladha ambao chumvi peke yake haiuleti. Nunua mukene waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu, wale wa kuanikwa mchangani utatafuna mchanga hata uwaoshe vipi.

Ukitwanga kwa kinu anza na vigumu na chumvi kidogo: pilipili, mchaichai, tangawizi, ganda, ndo vitunguu mwisho. Blenda je? Sawa kabisa, ila usitie maji ili izunguke, tia vijiko 2 vitatu vya tui, maana ukitia maji unakuja kuchemsha pesti badala ya kuikaanga na hapo ndo supu inatoka na harufu ya kitunguu kibichi. Kaanga dakika 4 au 5 moto wa kati mpaka rangi igeuke iwe nzito na ikuvute pua, ukiona imekauka ongeza tui kijiko kijiko. Hizo dakika 5 usizikate. Kama haraka kata kwingine kote.

Arua_hadi_Koboko

Mjadala mzuri. Mimi niulize, sisi huku West Nile karanga na simsim ndo mchuzi, nimesikia kuna kari ya Kithai ya karanga, si tungetumia tu odii, ile ya karanga na simsim zilizosagwa? Vijiko 2 vya odii kwenye tui jepesi supu inakuwa nzito na inashibisha, na nazi unaweza kupunguza maana huku Arua nazi ni ya kutafuta kweli kweli. Nimeshapika hivo na tangawizi na pilipili na mchaichai wa nyuma ya nyumba na watu walirudia.

Sufuria_Kololo

Ndugu wa Arua hiyo unayosema ni massaman, ina karanga, viazi mviringo, na viungo ambavyo Bint_Likoni angevijua akiwa amefumba macho, iliki, mdalasini, karafuu, kwa sababu inahusishwa na Waislamu na wafanyabiashara waliofika Siam, yaani Thailand, zamani. Kwa hiyo karanga ndiyo. Odii mimi nitakataa kwa supu hii, simsim ikikaangwa ina uchungu wake mtamu na inafunika mchaichai wote, unabaki na mchuzi mzuri sana wa Arua lakini Uthai umekwenda. Chukua karanga tupu zilizokaangwa na kusagwa, ile binyebwa isiyo na simsim, kijiko 1 kikubwa usizidishe, iyeyushe kwanza na supu ya moto kwenye kikombe isifanye mabonge.

Bint_Likoni

Mimi kwa hilo niko na ndugu wa Arua nusu. Kama nazi haipatikani, mtu apike kwa alicho nacho. Lakini asipunguze nazi kwa sababu ya uvivu wa kukuna 😊 tui likiwa jembamba pilipili inakuwa kali zaidi ulimini, mafuta ya nazi ndo yanaipooza, na dada hapo ana mzazi asiyeweza ukali.

mama_pacha_Nakawa

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na nimeandika kwenye karatasi nimebandika kwenye friji. Bado mambo mawili matatu. Sosi ya samaki niweke nini? Kuku, nyumbani tunapenda wa kienyeji, atawahi hizo dakika 40? Na mboga, nimeona wanatia vibiringanya vidogo vya kijani vya mviringo, hapa sivioni. Na tambi za mchele zinanishinda, zinageuka uji ndani ya supu.

Mwl_Masaka

Naomba nijibu la mboga maana bustani ndo starehe yangu. Dada, hivyo vibiringanya vya mviringo weka ntula (nyanya chungu), zile za kijani changa kabla hazijaanza kuwa na rangi ya njano, zikate robo uzitie maji ya chumvi zisiwe nyeusi, zichemke dakika 8 zinakunywa mchuzi vizuri sana. Na kuna vingine vidogo kama njegere Wathai wanavitia kwenye kari ya kijani, vina uchungu, sisi tuna katunkuma, ni jamii moja ya mimea na uchungu wake unakaa pale pale. Wazee wanazipenda, mama mkwe nadhani atafurahi akizikuta humo! Watoto hawatakubali kwa hiyo zichemshe pembeni. Uyoga ule mweupe wa masikio unaolimwa kwenye mifuko ya maganda ya pamba ni mzuri mno humu, uchane kwa mkono uutie dakika 3 za mwisho. Mboga za majani kama dodo na nakati zinatoa maji na rangi, mimi siweki.

Majani ya mwisho ya kunukia, wao wanatia rehani yao yenye harufu ya anisi. Hapa tuna mujaaja tunaoweka kwenye chai, ni ndugu wa rehani lakini mkali unaelekea karafuu, majani 4 au 5 tu kwa chungu kizima, yachanwe moto ukishazimwa. Na majani ya ndimu, kama una mti wa mlimau usiopigwa dawa, chuma majani machanga 3, yavunje uti wa katikati uyatumbukize. Harufu yake ni ya chini kuliko ya Kithai lakini ipo na inasikika.

Na niongeze kwa siku ambayo hata pesti huna nguvu ya kusaga. Kuna supu yao nyingine, tom kha gai, haina pesti kabisa. Tui jepesi na maji ya kuku, mchaichai umegongwa gongwa, vipande vya tangawizi, majani ya mlimau, pilipili nzima isiyopasuka, vichemke polepole dakika 10, tia kuku na uyoga, dakika 8, tui zito, zima moto, ndimu. Nyeupe, nyepesi, watoto wangu wanaimaliza. Vile vipande vya tangawizi na mchaichai havitafunwi, waambie waviache pembeni ya bakuli.

Sufuria_Kololo

Mwalimu umenena. Namalizia yaliyobaki.

Kuku wa kienyeji siku ya kazi hapana, atakuchukua saa moja na zaidi. Mchemshe Jumapili, mchuzi wake uweke friza kwenye vikopo, nyama ichambue, na huo mchuzi kwa supu hii ni dhahabu kuliko maji na kitunguu. Siku ya kazi tumia paja la broila lisilo na mfupa, kata vipande vyembamba kuvuka nyuzi, dakika 7 au 8 imeiva. Kifua kinakauka. Samaki je? Ngege (sato) anavunjika haraka, mbuta (sangara) anavumilia vizuri zaidi kwenye mchuzi, vipande vya vidole viwili, mtie wakati moto mdogo dakika 5 na usikoroge tena, tikisa sufuria.

Sosi ya samaki: mukene kiganja kimoja waliokaangwa kikavu, maji kikombe 1, chumvi kijiko 1 cha chai, chemsha mpaka ibaki nusu, chuja kwa kitambaa, ongeza soya sosi kijiko 1. Inakaa kwenye friji siku 4 au 5. Tia kijiko kijiko huku unaonja, na ukiwa siku hiyo umepata kichupa cha pesti ya dukani usitie chumvi yoyote kwanza, zile pesti zina chumvi nyingi tayari, na mwenye aleji ya kamba asome lebo.

Tambi hazipikwi ndani ya supu. Ziloweke kwenye bakuli la maji ya moto mpaka zilainike lakini bado zina ukaidi kidogo, chuja, gawa kwenye bakuli za watu, mwagia supu juu. Zikiachwa ndani ya chungu zinanyonya mchuzi wote. Ukikosa za mchele tumia tambi za ngano na mayai, kule kaskazini mwa Thailand, Chiang Mai, wana khao soi ambayo ni tambi za mayai kwenye mchuzi wa kari na nazi, juu wanaweka tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka, na pembeni kitunguu kibichi, ndimu na mboga za kuchachusha. Usipotaka tambi basi wali, ule wa super unatosha.

Ladha ya mwisho ifanye ukiwa umezima moto. Chumvi au sosi kwanza, kisha sukari guru, ile nyeusi ya mabonge, kijiko 1 cha chai iliyokwanguliwa, wao wanatumia sukari ya mnazi na ya mvumo na hii yetu iko karibu nayo kuliko sukari nyeupe, kisha ndimu nusu, onja, ndimu nusu nyingine. Ndimu haichemshwi, ikichemka harufu inaondoka na ndo inayokatia tui la Bint_Likoni. Ukionja ukahisi kuna kitu kimepungua na hujui nini, jaribu ndimu kabla ya chumvi.

mama_pacha_Nakawa

Asante sana ssebo, asante mwalimu. La mwisho kabisa, hiyo pesti nikisaga nyingi Jumamosi inakaa?

Bint_Likoni

Inakaa dada, ila isage bila tui, tumia mafuta kidogo kuizungusha, tui linachacha. Jaza kwenye ile trei ya barafu, zikiganda zihamishie kwenye mfuko uutoe hewa, miezi 2 hivi haijapoteza kitu cha maana, na vipande 3 vinatosha chungu chako. Itupe ikiwa imeganda hivo hivo kwenye mafuta ya moto, rudi nyuma kidogo maana inaruka. Ganda la ndimu tu ndo usigandishe nayo, likwangue siku yenyewe. Na tui la ziada nalo gandisha, ila hilo ni la kuchemshia, ukiliyeyusha limeshajitenga, kwa kumalizia juu kamua jipya au fungua kopo.

Arua_hadi_Koboko

Nimenunua karanga tupu leo jioni. Naleta majibu Jumapili nikiwa na picha.